Msala na Bafu la Mzee: Kupunguza Kuanguka katika Nyumba za Makupa

Mzee anayeishi katika nyumba ya Kiswahili pale Makupa ana safari kabla ya kufika msalani. Hutoka chumbani, akashika ukumbi wa katikati wenye vyumba huku na huku, akapita meza, mitungi ya maji na viatu vya wapangaji, akavuka kizingiti cha mlango wa uani, akashuka kidato kimoja au viwili, kisha akakata uani uliolowa hadi bafu lililoko pembeni. Mchana ni hatua chache tu. Saa kumi na moja alfajiri, stima ikiwa imepotea na mtu ana haraka ya kutia udhu, hiyo ndiyo safari ya hatari kuliko zote atakazofanya siku hiyo, hata kama baadaye atavuka barabara ya mzunguko wa Makupa penye matatu na malori.

Ulinganisho huo haukutiwa chumvi. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kuwa watu 684,000 hufariki kila mwaka kote duniani kwa sababu ya kuanguka. Katika vifo vya ajali, kuanguka ni cha pili baada ya ajali za barabarani. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, na wanaoathirika zaidi ni waliopita miaka 60. Sensa ya 2019 ilihesabu takriban watu milioni 2.7 wa umri huo nchini Kenya. Gari likipinduka, redio husema. Nyanya akiteleza bafuni, hujua watu wa nyumba hiyo na jirani aliyeitwa kusaidia kumbeba.

Madhara yake nayo huwa makubwa kuliko jeraha lenyewe. Mfupa wa nyonga ukivunjika katika umri wa miaka 75, mara nyingi mzee huhitaji upasuaji na miezi ya kujifunza tena kutembea, na wengi hawarudii mwendo waliokuwa nao. Hata asiyevunjika mfupa huingiwa na hofu. Mzee mwenye hofu ya bafu huanza kuoga mara chache. Halafu hupunguza kunywa maji jioni ili asiamke usiku. Katika joto la Mombasa, asiyekunywa maji ya kutosha hukaukiwa mwili, akapata kizunguzungu anaposimama, na huwa rahisi zaidi kupata maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo nayo humwamsha usiku mara nyingi zaidi. Hivyo kuogopa kuanguka kunamletea kuanguka. Familia ikigundua kwamba mzee ameanza kukataa chai ya jioni, isikimbilie kusema ni ukaidi wa uzee. Kwanza ikaangalie bafu.

Kwa nini bafuni, na kwa nini mzee

Bafu hukusanya mahali pamoja mambo yote yanayomshinda mtu mzima: maji, sabuni, giza, kuinama, kuchuchumaa na kuinuka. Misuli ya mapaja, ile inayomnyanyua mtu kutoka kwenye kuchuchumaa, ni kati ya zile zinazopungua nguvu mapema. Macho nayo hubadilika. Jicho la mtu wa miaka 60 hupokea takriban thuluthi moja tu ya mwanga unaopokewa na jicho la kijana wa miaka 20, kwa hiyo taa inayomtosha mjukuu ni kama kigiza kwa nyanya yake. Mwenye kisukari cha muda mrefu huenda nyayo zake zimepoteza hisia, asijue kama amekanyaga pakavu au penye maji hadi mguu umeshateleza.

Kuna na dawa. Baadhi ya dawa za presha ya damu, dawa za kuongeza mkojo na dawa za usingizi huweza kuushusha msukumo wa damu ghafla mtu anapoinuka. Asiache dawa kwa sababu hiyo. Presha isiyotibiwa ina hatari zake kubwa zaidi. Afanye mambo mawili: akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, akichezesha nyayo, kabla ya kusimama, na katika ziara inayofuata kliniki amwambie daktari au muuguzi kwamba hupata kizunguzungu. Vidonge vya kuongeza mkojo huenda vikahamishwa vinywewe asubuhi. Wazee wengi huulizwa kliniki “Unaendeleaje?” wakajibu “Alhamdulillahi” au “Nashukuru Mungu”, na mazungumzo yakaishia hapo. Anayemsindikiza na aongeze neno.

Sakafu

Anzeni chini. Mabafu mengi ya zamani ya Makupa na Majengo yamepigwa saruji ikalainishwa kwa mwiko hadi ikang'aa, na mengine, yakifanyiwa ukarabati, hutiwa vigae vya sebuleni kwa sababu vilibaki au vilipendeza dukani. Vyote viwili vikilowa na kupakwa povu huwa kama barafu. Kigae cha bafu huchaguliwa kwa mguu, si kwa macho: kiwe kimekwaruza kidogo ukikipitisha kidole chenye maji. Vigae vidogo pia hushika kuliko vikubwa, kwa kuwa mistari ya saruji iliyo kati yake huzuia mguu.

Asiye na uwezo wa vigae hajakosa lake. Fundi akimwaga saruji mpya, kabla haijakauka apitishe ufagio mgumu juu yake, iache mistari midogo. Sakafu ya namna hiyo haipendezi sana, lakini haimwangushi mtu. Mistari ielekee kwenye tundu la kutolea maji, na sakafu yenyewe iwe na mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Mteremko ukipungua hapo maji hutuama. Ukizidi sana, mzee husimama upande kama aliye mashuani.

Utelezi wa kijani unaoota pembeni ni adui mwingine, hasa masika. Sugua kwa brashi ngumu na dawa ya klorini iliyotiwa maji, halafu suuza. Hapa pana onyo ambalo halitiliwi uzito wa kutosha: asidi ya kusafishia vyoo, ile inayouzwa katika chupa zilizotumika, isichanganywe kamwe na dawa ya klorini. Mchanganyiko huo hutoa hewa ya sumu, na katika bafu dogo lisilo na dirisha mtu huishiwa pumzi kabla ya kuufikia mlango.

Vitambara vilivyotandikwa sakafuni havifai. Kipande cha zulia kikuukuu, leso iliyokunjwa, gunia: vyote huondoka pamoja na mguu. Mpira wenye vinyonyeo chini hufaa juu ya vigae laini tu, na lazima uinuliwe ukaushwe kila siku, ama utaota utelezi ule ule upande wa chini.

Halafu viatu. Zamani pwani yetu ilikuwa na mitalawanda, viatu vya mti vya kuingilia msalani, ambavyo vilimweka mtu juu ya maji na kutoa mlio uliowaambia wengine kwamba pana mtu. Leo tunavaa patipati. Patipati iliyolika hadi ikawa laini chini ni hatari kuliko mguu mtupu. Mnunulie mzee viatu vya mpira vyenye mkanda wa nyuma ya kisigino na michirizi chini, na viwe vyake peke yake, visivaliwe na kila aingiaye.

Mahali pa kushika

Mtazame mzee anapoingia bafuni, naye asijue kwamba anatazamwa kwa sababu hiyo. Mkono wake utaonyesha penye upungufu: huenda kwenye ukingo wa mlango, kwenye sinki, kwenye bomba la maji, kwenye msumari wa kutundikia taulo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowekwa kubeba mtu. Sinki hung'oka ukutani. Kijiti cha taulo hubeba taulo.

Kishikio cha kweli kiwe na unene unaojaa kiganjani, kati ya sentimita 3 na 5, na kiache nafasi ya kama sentimita 4 kutoka ukutani ili vidole vipite lakini mkono wote usidumbukie. Viwango vinavyotumika Marekani huweka kishikio cha mlalo kati ya sentimita 84 na 91 kutoka sakafuni, na hutaka kiweze kuhimili uzito wa takriban kilo 113. Vipimo hivyo ni pa kuanzia tu. Nyanya mfupi wa Makupa hapaswi kunyanyua mkono hadi begani kwa sababu ya kiwango cha Marekani. Aje mwenyewe bafuni, asimame, aweke kiganja ukutani pale kinapomjia, na fundi atie alama hapo.

Ugumu uko kwenye ukuta. Nyumba nyingi za Kiswahili zilijengwa kwa fito na udongo, zikapigwa lipu ya chokaa au saruji juu. Skurubu katika ukuta huo hushika siku moja. Ukuta wa mawe ya matumbawe nao ni mwororo. Skurubu fupi ya kawaida hulegea kila inapovutwa. Ikiwa ni mawe, fundi atoboe ukuta hadi upande wa pili, apitishe bolti ndefu na kuweka bamba la chuma nyuma yake. Ikiwa ni udongo, aachane na ukuta kabisa. Paipu ya inchi moja na robo isimamishwe sakafuni, mguu wake ukizikwa katika zege, na kichwa chake kifungwe kwenye boriti ya dari au ya paa. Nguzo hiyo moja, ikiwa kati ya pa kuogea na choo, humsaidia mzee pande zote mbili.

Kabla ya kuchimba, fundi aulize shimo la choo liko wapi. Katika nyumba za zamani bafu na choo mara nyingine vimejengwa juu ya zege lililofunika shimo, na zege hilo lina umri kushinda mwenye nyumba. Lisitobolewe. Nguzo zisimamishwe nje ya ukingo wa shimo, kisha ziunganishwe kwa paipu ya mlalo.

Chuma cha kawaida Mombasa hakidumu. Hewa ya bahari na maji ya visima yenye chumvi hukila kutoka ndani huku rangi ya nje ikimeremeta. Chagua stenlesi, au paipu iliyopakwa zinki, na mahali palipochomelewa papakwe rangi ya kuzuia kutu, kwa sababu moto wa kuchomelea huiondoa ile zinki. Kazi ikiisha na zege likishakauka kwa siku kadhaa, fundi mwenyewe akishike kishikio na kukivuta kwa uzito wake wote. Akisitasita, aambiwe arudie.

Vile vishikio vya plastiki vyenye vinyonyeo vya mpira, vinavyobandikwa bila skurubu, si vya kubebea uzito. Huachia bila taarifa.

Choo cha kuchuchumaa

Hapa ndipo wazee wengi wa kisiwani hupata taabu, na hapa ndipo wanapoona haya kusema. Choo cha kuchuchumaa kina sifa zake: hakigusani na mwili na ni rahisi kukisafisha. Lakini humtaka mtu ashuke hadi chini kabisa, abaki hapo huku akijisafisha kwa maji, mkono mmoja ukiwa na kopo, halafu ainuke bila pa kushika. Magoti yenye baridi yabisi hayawezi.

Si lazima choo kivunjwe. Fundi wa chuma anaweza kutengeneza fremu ya miguu minne yenye kikalio cha choo juu yake, inayosimama juu ya choo hicho hicho na kuondolewa wengine wanapoingia. Urefu mzuri wa kikalio ni kati ya sentimita 43 na 48. Mzee akikaa, nyayo zote mbili zikanyage chini na magoti yasiwe juu kuliko nyonga. Fremu iwe na mikono ya pembeni ya kujiinulia. Miguu yake ivishwe mpira, na iwe mipana kuliko kikalio ili isipinduke mtu akiegemea upande mmoja. Viti vya namna hiyo vilivyo tayari huuzwa pia katika maduka ya vifaa vya hospitali.

Njia iliyozoeleka mitaani ni kukata tundu katikati ya kiti cha plastiki. Inaeleweka, kwa kuwa ni rahisi na ni ya siku hiyo hiyo, lakini kiti kilichokatwa katikati kimeondolewa sehemu iliyokuwa ikishikilia miguu yake. Kikishapigwa na jua la uani miezi michache, hupasuka mtu akiwa juu yake.

Kopo au bomba la kujisafishia liwe upande wa mkono anaoutumia, kwa urefu wa kiuno, asilazimike kujipinda kulitafuta sakafuni.

Kuoga na udhu

Mombasa ina mgao wa maji, na nyumba nyingi huoga kwa ndoo na kata. Njia hiyo haina ubaya, ila ndoo ikiwa sakafuni mzee huinama na kuinuka mara ishirini katika kuoga mara moja. Akae kwenye kiti imara chenye mikono, na ndoo iwekwe juu ya kigoda kando yake, ifike usawa wa paja. Kigoda kisiwe cha kukalia: ni kifupi mno, kuinuka kwake ni karibu sawa na kuinuka kutoka chini. Sabuni ya kipande itiwe ndani ya soksi au wavu na kutundikwa shingoni au kwenye kishikio, kwa sababu wengi huanguka wakiifuata sabuni, si wakioga. Dodoki lifungwe kijiti, mgongo na nyayo zifikiwe bila kujikunja.

Maji ya moto yanayotoka jikoni yasibebwe na mzee mwenyewe. Atakayembebea amimine ya baridi kwanza katika ndoo, ya moto baadaye. Kwa waliofunga vifaa vya umeme vya kupasha maji, fundi awe mwenye leseni ya EPRA, kifaa kiwe cha maji ya chumvi ikiwa maji ni ya kisima, na waya wa ardhi uwepo. Mtu akishtuliwa na umeme, hata kidogo tu, huanguka.

Mafuta ya nazi na mafuta ya kujipaka yapakwe chumbani, mtu amekaa. Tone moja sakafuni bafuni huandaa ajali ya anayefuata.

Kwa Waislamu, udhu ni mara tano kwa siku, na kuosha miguu ndiyo sehemu ngumu. Wengi husimama kwa mguu mmoja huku wakiuinua mwingine hadi kwenye sinki. Kijana hufanya hivyo bila kufikiri. Mtu wa miaka 70 asifanye. Misikiti mingi ina mabomba ya chini na vikalio vya kutilia udhu, na nyumba inaweza kuiga: bomba la chini au birika lenye mdomo, kiti, na mfereji wa kupeleka maji mbele, si chini ya kiti. Mwenye kushindwa kabisa na maji kwa ugonjwa ana ruhusa zake katika dini, na imamu wa mtaa ataweza kumweleza.

Leso ndefu iliyolowa, kanzu inayoburura na kikoi kisichofungwa vizuri hunasa mguu. Vipandishwe kabla ya kuvuka kizingiti.

Taa na njia

Kuweka taa ni rahisi kuliko kazi nyingine zote hapa, na ina faida ya haraka. Taa ya sola au ya kuchaji yenye kujiwasha ikihisi mtu itundikwe mahali patatu: mlangoni mwa chumba cha mzee, kwenye mlango wa uani na bafuni. Stima ikipotea, hizo hubaki. Tochi iwe karibu na mto, lakini isiwe tegemeo, kwa sababu hutwaa mkono mmoja wa kushikia. Ukingo wa kila kidato na kizingiti upakwe mstari wa rangi nyeupe au ya manjano, upana wa vidole vitatu. Sakafu nyekundu na kidato chekundu huonekana kitu kimoja kwa jicho lenye mtoto wa jicho.

Mitungi ya lita 20 iliyopangwa ukumbini ihamishiwe upande mmoja tu, ule usio wa mkono wa mzee wa kushika ukuta. Ikiwa safari ya uani ni ndefu mno usiku, chombo cha usiku chenye kifuniko chumbani si aibu. Bora hicho kimwagwe asubuhi kuliko kumpeleka mtu hospitali.

Mlango na stara

Mlango wa bafu ufunguke kwa nje. Ukifunguka kwa ndani na mzee akaangukia nyuma yake, mwili wake huuzuia, na wanaotaka kumsaidia hulazimika kuuvunja juu yake. Komeo la ndani liwe la aina inayoweza kufunguliwa kwa nje kwa kisu au sarafu. Kumwambia mzee aache mlango wazi ni kumvunjia heshima, na hatakubali. Pazia zito nyuma ya mlango uliorudishwa bila komeo humpa stara yake.

Stara hiyo hiyo ndiyo huamua nani atasaidia. Kumwogesha mama ni kazi ambayo mtoto wa kiume huiona nzito, na mama mwenyewe huiona nzito zaidi. Familia ikubaliane mapema: binti, mkaza mwana, dada, mjukuu wa kike, au jirani anayeaminiwa, na kwa baba, vivyo hivyo kwa upande wa wanaume. Jambo hili lisingoje siku ya dharura.

Na namna ya kuliingia ni muhimu. Mzee akiambiwa “Umeshazeeka, tutakufungia vyuma,” atakataa, na ana haki. Mjukuu anayeanza na “Shikamoo, nyanya. Kesho fundi anakuja kutengeneza bafu, nasi hatujui mahali pazuri pa kuweka kishikio. Njoo utuonyeshe,” amemwomba ushauri, na mzee huyo atamsimamia fundi hadi jioni. Ikifaa asemewe kwamba kishikio ni cha kila mtu, na ndivyo kilivyo: mama mjamzito na mgonjwa wa homa watakishika pia.

Nyumba ya wapangaji sita

Ushauri wote huo ni mwepesi penye mwenye nyumba mmoja. Makupa mara nyingi vyumba sita vina familia sita na bafu moja. Zaidi ya hayo, Mombasa ina utaratibu wake wa miaka mingi wa nyumba bila ardhi: mwenye nyumba hulipa kodi ya kiwanja kwa mwenye ardhi, naye husita kujenga cha kudumu mahali ambapo huenda akaambiwa ahame. Mpangaji naye husema nyumba si yake. Kati ya watu hao watatu, bafu hubaki lilivyo.

Kwa hiyo inafaa kuanza na visivyohitaji ruhusa ya mtu: taa, kiti, viatu, fremu ya choo, mstari wa rangi. Vyote hivyo, isipokuwa rangi, mpangaji huhama navyo. Kishikio cha paipu kinahitaji neno kwa mwenye nyumba, na gharama yake ikigawanywa kwa vyumba sita haimwelemei mmoja. Utaratibu wa zamu usiwe wa kufagia uani pekee: anayemaliza kuoga asukume maji kwa mpira hadi kwenye tundu na kuacha sakafu bila povu. Watoto waoge baada ya wazee, si kabla.

Posho ya Inua Jamii ya shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi haikupangiwa ukarabati, na mara nyingi imekwisha kwa chakula na dawa kabla haijafika. Lakini Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo yanayofaa kutoka kwa familia na Serikali. Familia imetajwa humo, na Serikali pia. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba wanaweza kuombwa waingie hadi uani, walione bafu, na kumwandikia mzee rufaa ya kliniki ikiwa ana kizunguzungu, macho yamefifia au ameshawahi kuanguka. Aliyeanguka mara moja yumo hatarini zaidi kuanguka tena, kwa hiyo hata kuanguka kusikoacha alama kutajwe.

Akishaanguka

Asinyanyuliwe kwa kuvutwa mikono. Aachwe alale kidogo, afunikwe leso kavu kwa ajili ya stara na baridi ya sakafu, aulizwe maumivu yako wapi. Kama mguu mmoja unaonekana mfupi kuliko mwenzake na wayo umegeukia nje, au hawezi kuuinua, huenda nyonga imevunjika. Asisimamishwe. Asipelekwe kukandwa wala kuchuliwa: mkono wa mkandaji, hata uwe hodari vipi, huweza kuusogeza mfupa uliovunjika na kuharibu zaidi. Picha ya eksirei kwanza. Aliyegonga kichwa na anatumia dawa za kuzuia damu kuganda aende hospitali hata akisema yuko sawa, kwa kuwa damu huweza kuvuja ndani taratibu kwa saa nyingi. Nambari za dharura ni 999 na 112, na kwa wakaazi wa kisiwani Hospitali ya Rufaa ya Coast General haiko mbali na Makupa.

Asiye na maumivu na aliye na fahamu zake hujiinua kwa hatua: ageuke ubavu, apige magoti na viganja, aletewe kiti imara mbele yake, aweke mikono juu ya kikalio, atangulize mguu ulio na nguvu, ainuke, na mwingine asukume kiti cha pili nyuma yake akae. Anayeishi peke yake apewe filimbi iliyofungwa kwa kamba bafuni, ikining'inia hadi karibu na sakafu. Ikitundikwa juu, aliyelala chini haifikii.